Nyuma ya Pazia la Bi Touba

“Delaram, mgeni kaja.”

Sauti ya Keyvan kwenye simu ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyejificha kabatini. Delaram alikuwa mbele ya kioo, anajaribu mtandio wa nne tangu adhuhuri. Wa kijani ulimfanya aonekane mgonjwa, mweusi ulimfanya aonekane mfiwa, na leo, siku ya kwenda kufuturu kwa mama yake Keyvan kwa mara ya kwanza, hakutaka kuonekana mgonjwa wala mfiwa.

“Mgeni yupi? Shangazi yako wa Lahijan? Si ulisema anakuja Ijumaa?”

“Si shangazi. Mgeni. Mgeni wangu mimi.”

“Keyvan, nimefunga, kichwa hakifanyi kazi. Sema ni mgeni gani, nijue nimletee keki au nimkimbie.”

Maji yalisikika yakidondoka kwenye beseni.

“Yule wa kila mwezi,” Keyvan akasema. “Miezi kumi na minne hajanitembelea, Delaram. Leo kaja. Leo! Niko bafuni kwa mama, nimejifungia, na humu ndani hamna kitu. Hata kipande.”

Delaram alikaa kitandani, mtandio umemning’inia begani.

Tuseme mambo yalivyo, msomaji asipotee njiani. Keyvan alizaliwa binti na akalelewa binti, na moyo wake haukuwa wa binti hata siku moja. Alihangaika kwa madaktari na mahakimu mpaka akapata karatasi ya ruhusa; upasuaji wake ulipangwa baada ya Idi, na kitambulisho kipya baada ya hapo. Delaram alizaliwa akaandikwa mvulana. Njia hiyo hiyo aliipita kabla yake, akielekea upande wa pili, na mwaka wa nne huu kitambulisho chake kinasema mwanamke. Walikutana kwenye benchi la zahanati, kila mmoja amekumbatia faili lake. Keyvan alimuuliza kama nafasi ya pembeni yake ina mtu. Benchi lilikuwa tupu, na zahanati yote ilikuwa tupu, na bado aliuliza. Delaram alijua palepale.

Sasa sindano za homoni za Keyvan zilikuwa zimeadimika madukani mwezi wa pili huu, na mwili ukakumbuka tabia yake ya zamani.

“Mama yuko wapi?” Delaram akauliza.

“Katoka kununua majani ya supu. Ramadhani hii kila alasiri anakwenda kununua majani, sijui anayatia wapi. Delaram, mimi nitatokaje? Suruali ya harusi ya binamu yangu ndiyo niliyovaa. Na mfungo wangu nao umekwenda. Siku ya leo, niliyotaka kuliko zote.”

Alikuwa analia. Alilia kama wanavyolia wanaume waliojifunza ukubwani, kwa kusafisha koo.

“Nisikilize, roho yangu. Mfungo huo utaulipa, Mungu hana haraka. Mimi nitafunga kwa ajili yetu wote wawili. Niambie unataka zipi.”

“Zile nene, za pamba, pakiti ya kijani. Zisizo na manukato. Nyingine zote zinanitoa vipele. Lakini usije nyumbani kabla ya wakati, mama akikukuta—”

“Mama yako akinikuta atanila? Hata yeye si kafunga?”

Keyvan akacheka huku anasafisha koo, na Delaram akafunga mtandio wa rangi ya komamanga bila kuangalia kioo tena.

Njiani, mvua ya mji wa Rasht ikimpiga ubavuni bila adabu, aliwaza lile ambalo hakutaka kuliwaza. Bi Eshrat, mama yake Keyvan, alikuwa mjane mwenye msimamo. Alimkubali mwanawe, alilia mwaka mzima, kisha akafuta machozi, akaanza kusema “mwanangu wa kiume” mbele ya majirani, na aliyecheka alijuta. Lakini alimkataa Delaram. Hata picha yake hakutaka kuletewa. “Mwanamke gani huyo,” alisema, “asiyejua hata tumbo la mwezi ni nini?” Na Keyvan, kwa ujinga wa mtu mkweli, aliyafikisha maneno hayo kama yalivyo.

Leo, baada ya futari, Bi Eshrat angetoa jibu lake. Keyvan alishaapa hataoa bila radhi ya mama. Kwa hiyo maisha yote ya Delaram yalikuwa yananing’inia kwenye neno moja la mwanamke asiyemjua hata kwa sura.

Duka la kwanza lilikuwa limefungwa, na la pili vilevile. La tatu, hatua chache kutoka kichochoro cha kina Keyvan, lilikuwa wazi nusu mlango. Lilikuwa la Bi Touba, muuza vifungo, nyuzi, soksi, sabuni na vitu vya kike, mwanamke mpana mwenye sauti ya mnadani. Mzee mmoja alikuwa anachagua nyembe za kunyolea. Delaram akamsubiri amalize. Mzee hakuwa na haraka; alizisoma nyembe kama msahafu.

Delaram akainama juu ya meza. “Samahani, mama,” akanong’ona. “Nataka pedi. Zile nene za pamba, za kijani, zisizo na manukato.”

“ZA PAMBA?” Bi Touba akanong’ona, na mnong’ono wake ukafika barabarani. Mzee akaanza kutazama dari. “Hizo siku hizi nani anaziuliza? Wasichana wote wanataka zile nyembamba kama karatasi. Ngoja, zipo juu.”

Akapanda kiti, akashuka na pakiti mbili zenye vumbi, akazifuta kwa mkono wa gauni. Akazizungushia gazeti, akakunja ncha, akalifunika gazeti na gazeti jingine, kisha akazitumbukiza kwenye mfuko mweusi na kuufunga fundo. Rasht nzima wanajua kilichomo ndani ya mfuko mweusi uliofungwa fundo, na Rasht nzima wanajifanya hawajui.

Delaram alikuwa ameiona mifuko hiyo tangu utotoni, mikononi mwa dada zake, ikipita upesi kutoka mlangoni hadi chumbani. Hakuna aliyewahi kumfungia yeye. Alipoupokea, kitu kilimtekenya kifuani, akatabasamu peke yake kama kichaa.

“Kiasi gani, mama?”

“Acha, si kitu, chukua tu.”

“Haiwezekani, mama, tafadhali.”

“Nimesema chukua.”

“Naapa sitoki.”

Adabu ilipotimizwa, Bi Touba alipokea pesa. Mzee wa nyembe alikuwa ameondoka, labda bila nyembe. Bi Touba akamtazama Delaram usoni kwa huruma.

“Umepauka, mwanangu. Umekula?”

“Nimefunga, mama.”

Neno lilitoka lenyewe. Bi Touba akautazama mfuko. Akamtazama Delaram. Akaugonga mfuko kwa kidole.

“Umefunga? Na hii?”

Hapo ndipo Delaram alipoona shimo alilojichimbia. Mwanamke aliye mwezini hana mfungo. Akijilazimisha ni kosa. Kila mtoto wa madrasa anajua.

“Ah, nyinyi mabinti!” Bi Touba akamshika mkono. “Baba yuko nyumbani, kaka yuko nyumbani, mnaona haya kula, mnashinda na njaa ya bure isiyo na thawabu. Njoo huku.”

“Mama, hapana, mimi—”

Pazia la maua likafunguka, likafungwa, na Delaram akajikuta katika chumba kidogo kilichojaa mvuke wa chai. Kulikuwa na mkate wa moto, jibini, jozi, na bakuli la zeituni zilizokandwa kwa komamanga, na harufu yake ilimpanda puani mpaka machozi yakamlenga. Mwanamke kijana alikuwa ananyonyesha, mkate mkononi. Kwenye kiti cha pembeni aliketi mama mtu mzima mwembamba, miwani imeshuka puani, kikombe kimesimama njiani kati ya sahani na mdomo.

“Nimewaletea mwenzenu,” Bi Touba akatangaza. “Huyu Manije ananyonyesha. Huyu mama ana sukari. Mimi daktari kanikataza, figo. Na wewe una udhuru wako. Hapa hapana wanaume, hapana aibu. Kaa.”

Manije akasogea, akampigia kiti kwa kiganja. “Kaa, dada. Mimi mwaka juzi nilimdanganya baba mkwe siku saba nzima. Nilikuwa nakula bafuni kama panya.”

Delaram akakaa.

Tangu aanze kuvaa mtandio, wanawake walikuwa wamempisha njia, wamemtazama, wamemsifia, wamemsengenya. Hakuna aliyewahi kumsogezea nafasi kwa namna hii, bila kufikiri, kama mtu anavyomsogezea ndugu. Akatamani dakika ile irefuke.

Bi Touba akamkunjia tonge: mkate, jibini, jozi. Akamsogezea mdomoni.

“Kula.”

Mama wa miwani alikuwa anamtazama tu, wala kikombe hakijasogea.

Delaram aliliona tonge, na nyuma ya tonge akaona njia zote. Akila, hawa watamkubali na hakuna atakayejua, ila amevunja mfungo wa Mungu kwa makusudi, na siku sitini za kulipa hazifuti makusudi. Akisema mzigo si wake, watauliza ni wa nani, na mtaa huu unamjua Keyvan tangu alipokuwa akisukwa mikia miwili ya nywele.

“Mama, Mungu akuzidishie. Siwezi. Mfungo wangu ni mzima.”

“Mzima vipi, mwanangu?”

“Hizi si zangu.”

“Za nani, basi? Za dada yako?”

“Hapana.”

“Mama yako?”

“Hapana. Ni za mtu. Ameniamini.”

Manije akaguna kwa raha. “Jamani, pedi nazo zina siri! Za nani, za mke wa gavana?”

“Huyu anaona haya tu,” Bi Touba akasema, tonge bado liko hewani. “Mwanangu, hakuna dhambi katika kuumbwa. Sema bismillahi, fungua mdomo.”

Waliachana na jina la mwenye pedi kwa kitambo, lakini wangelirudia. Wanawake wenye chai mbele yao hulirudia jambo. Njia moja tu ilibaki. Delaram akaweka mfuko mapajani, akaushika kwa mikono miwili.

“Mama,” akasema, na sauti yake, ile aliyoifundisha miaka mingi kukaa pale inapokaa, haikutetemeka. “Mimi sijawahi kuingia mwezini. Hata mara moja. Sikuumbwa hivyo. Kwa hiyo udhuru wenu sina, ingawa ningeupenda. Nimefunga, na namwomba Mungu anipokelee.”

Mtoto wa Manije akaacha kunyonya. Bi Touba akashusha tonge polepole, macho yanamchungulia Delaram usoni, shingoni, mikononi, na Delaram akajua hesabu gani inapigwa mle ndani. Akaanza kusimama.

“Mwacheni,” mama wa miwani akasema. “Ni zangu.”

Wote wakageuka.

“Nini zako?” Bi Touba akauliza.

“Hizo pedi. Nimemtuma mimi. Kaa chini, binti, mbona unasimama?”

“Zako? Wewe? Bi Eshrat, una miaka sitini na mitatu!”

“Sitini na miwili.”

Jina lile lilimpiga Delaram kifuani. Akakaa, maana hakuwa na la kufanya.

“Bi Eshrat,” Bi Touba akasema, sasa kwa mnong’ono wa kweli, “unataka kuniambia wewe umeingia mwezini?”

“Mungu hashindwi na kitu. Mke wa Nabii Ibrahimu alizaa uzeeni.”

“Na wewe unajiandaa?”

“Sijui. Nimeona ninunue mapema, bei zisije zikapanda.”

Manije alicheka mpaka mkate ukamponyoka. Bi Touba alijizuia, akashindwa, akaegemea ukuta akipiga paja lake, machozi yanamtiririka. “Mtaa mzima ukuletee ubani wa kufukuza kijicho, Bi Eshrat! Nani baba?”

“Hilo nalo nimemwachia Mungu,” Bi Eshrat akasema bila kucheka hata kidogo, akamaliza chai yake, akainuka, akajifunga baibui. “Twende, binti. Shika mzigo wangu usilowe.”

Nje mvua ilikuwa imezidi. Bi Eshrat akafungua mwavuli, akauelekeza upande wa Delaram nusu yake. Walikwenda hadi kona. Delaram alihesabu pumzi zake.

“Nilikujua ulipofungua mdomo dukani,” Bi Eshrat akasema, macho mbele. “Za pamba, pakiti ya kijani. Miaka kumi na moja nimezinunua pale. Rasht nzima mwenye ngozi ya kudeka namna hiyo ni mmoja tu. Halafu pazia likafunguka nikakuona. Picha yako iko kwenye simu ya mwanangu. Analala nayo usoni, mimi ndiye ninayemwondolea.”

“Nisamehe, mama.”

“Nikusamehe nini? Nilikaa pale nasubiri ukosee. Umekawia kukosea mpaka chai yangu ikapoa.”

Delaram hakujua acheke au alie, akafanya vyote kwa pamoja na mvua ikamsaidia kuficha.

“Lakini umesema uongo kwa ajili yangu, mama. Ndani ya Ramadhani.”

“Nitautubia mwenyewe, usinibebee.” Bi Eshrat akaruka dimbwi kwa wepesi wa msichana. “Na Keyvan asijue kwamba nakula kwa Touba. Yule anafunga kwa shida, sitaki anione natafuna mbele yake. Anajua nanunua majani.”

“Sitasema.”

“Najua hutasema. Leo nimeona usivyosema.”

Wakaingia kichochoroni. Bi Eshrat akapunguza mwendo, akasimama chini ya paa la jirani, akamtazama Delaram kwa mara ya kwanza bila miwani. Alikuwa na macho ya Keyvan, yaleyale, yenye kope ndefu na wasiwasi.

“Nilisema neno juu yako. La tumbo la mwezi.”

“Lilinifikia, mama.”

“Najua lilikufikia, yule mtoto hana breki. Sasa sikiliza. Tumbo hilo nimelijua miaka arobaini. Nililijua kwa baridi, nililijua nikiwa nimebeba maji, nililijua nikiwa mgonjwa. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, aliuza kondoo wake kwa ajili yangu nilipolazwa. Lakini angekufa kwanza kabla ya kusimama kwa Touba akasema neno ‘pedi’. Mimi nilidhani mwanamke ni yule anayeumwa. Sikuwahi kumfikiria yule anayeloweshwa na mvua kwa ajili ya anayeumwa.” Akafuta miwani kwa pembe ya baibui, akairudisha. “Basi. Sirudii, nina umri.”

Delaram alitaka kumbusu mkono. Bi Eshrat akauvuta mkono wake, akautumia kumwekea sawa mtandio uliokuwa umeteleza. “Rangi hii inakupendeza. Nani kakuchagulia?”

“Sikupata wakati wa kuchagua.”

“Ndiyo maana.”

Nyumbani, viatu vya Keyvan vilikuwa mlangoni kama alivyoviacha, kimoja kimelalia kingine. Bi Eshrat alikwenda moja kwa moja jikoni, akaweka maji motoni, akatoa kopo la sukari mawe, ile ya kuyeyushwa kwenye chai kwa ajili ya matumbo yanayouma. Delaram akabaki ukumbini na mfuko wake, maji yanamdondoka kwenye zulia, hajui asimame wapi.

“Mama?” Sauti ya Keyvan ilitoka nyuma ya mlango wa bafu, nyembamba, imejaa hofu. “Mama, umerudi? Nani uko naye?”

Delaram akamtazama Bi Eshrat. Bi Eshrat alikuwa anakoroga chai. Hakuharakisha. Alikoroga mpaka sukari ikaisha chini, akaonja kwa ncha ya kijiko, akaongeza kipande kimoja. Kisha akaja na kikombe kinachofuka, akasimama bega kwa bega na Delaram, akagonga mlango kwa goti.

“Keyvan, fungua. Chai hii naishika mpaka lini? Na mkeo amelowa, atapata mafua.”

Ndani maji yalidondoka kwenye beseni, tone moja, matone mawili.

“Umesema nani, mama?”

“Masikio nayo yameziba? Nimesema mkeo.”

Komeo lilihangaika, likakwama, likahangaika tena. Delaram akaweka kiganja chake juu ya mbao, upande wake wa mlango, akasubiri, akicheka na kulia, huku Bi Eshrat akilalamika kwamba katika nyumba hii kila mtu anajua kufunga, na hakuna anayejua kufungua.